Glavu ni Breki

Kila Juni mji huu huanza utani wake. Makoti yanatoka kabatini, picha za vikombe vya chai zinajaa kwenye simu, na lazima mtu aandike kwamba winta imefika Nairobi. Hapo binamu aliye Minnesota anajibu akicheka: nyuzi 11 ndiyo baridi? Huku kwetu nyuzi 11 tunavaa kaptura. Watu wanacheka, wanarushiana emoji, mambo yameisha. Kenya hakuna baridi. Tumekubaliana.

Mimi sijakubali. Wanaobishana hapo wote wako ndani ya kitu. Wako ndani ya nyumba, ndani ya gari, ndani ya matatu ambayo hakuna abiria atakayekubali dirisha lifunguliwe hata hewa ikiwa nzito kama uji. Binamu wa Minnesota naye yuko ndani, tena ndani kwake kuna hita. Hakuna anayemuuliza mtu aliye juu ya kitu: juu ya baiskeli, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiteremka kutoka Limuru kuja kutafuta riziki Nairobi. Na msimu wenyewe hatukuubuni jana kwenye simu. Wakikuyu wanauita gathano. Watu wa Pwani, ambao hawajawahi kuumwa na ukungu wa Limuru, wanao jina pia: kipupwe. Kama baridi haipo, hayo majina ni ya nini?

Ninayemtetea hapa ni huyo wa juu ya baiskeli, na kwa kweli natetea vidole vyake kumi tu. Hoja yangu ni kwamba glavu ya baridi usiihesabu pamoja na skafu na kofia ya sufu. Ihesabu pamoja na breki. Ukiiweka hapo utaichagua tofauti, na utaanza kuuliza nani anafaa kuilipia.

Tuanze na hesabu. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Julai hapo, nyuzi 8 hazimshangazi mtu. Nyuzi 8 ukiwa umesimama kwenye stegi, mikono mfukoni, unaweza kuvumilia na hata kupiga stori. Lakini baiskeli hujitengenezea upepo wake. Kuna kanuni ambayo Canada na Marekani zilianza kuitumia mwaka 2001 kukadiria jinsi upepo unavyozidisha baridi kwenye ngozi iliyo wazi. Weka humo nyuzi 8 na upepo wa kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao miteremko ya kati ya Limuru na Ruaka inakupa bure bila hata kukanyaga pedeli. Jibu linatoka nyuzi 3 hivi. Friji ya nyumbani ina nyuzi 4. Kwa hivyo huyo jamaa unayempita asubuhi ukiwa kwenye matatu, mikono mitupu kwenye usukani, mikono yake inasafiri ndani ya friji.

Halafu baridi yetu haiji kavu. Inakuja na ukungu, na ile mvua ambayo hainyeshi wala haikatai, manyunyu tu, kutoka alfajiri mpaka saa nne. Maji huondoa joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Hapa ndipo ulinganisho wa binamu unapoanguka kabisa. Nyuzi kumi chini ya sifuri, theluji huwa kavu. Unaikung'uta kwenye glavu inaanguka. Nyuzi 6 na manyunyu, glavu ya sufu inakuwa sponji ndani ya nusu saa. Huhitaji barafu ili vidole viumie. Baridi yenye unyevu isiyofika hata kiwango cha kugandisha maji inatosha kuvivimbisha, kuvifanya vyekundu na kuviwasha usiku kucha, mpaka unavikuna ukutani. Waulize wanaochuma chai.

Na kama bado unasema nchi hii haina baridi ya maana, Januari 2012 sakitu iliunguza mashamba ya chai Kericho na Nandi, majani yakawa ya kahawia kama yaliyopitiwa na moto. Januari, wakati Nairobi watu walikuwa wakilalamikia jua.

Jiografia pia imetufanyia ukatili ambao sijasikia mtu akiutaja. Mtu anayekaa juu na kufanya kazi chini anateremka saa ambayo baridi ni kali kuliko zote, kabla tu ya jua kuchomoza, bila kukanyaga, kwa hivyo mwili hautengenezi joto jingi. Jioni, jua limeshaipasha lami, ndipo anapanda mlima akitoa jasho hadi masikioni. Joto analipata wakati halihitaji. Wanaokaa Kikuyu ama Uplands na kushuka na Waiyaki Way hadithi yao ni hiyo hiyo. Wale wa Iten na Kinangop wako juu zaidi, na sitawafundisha kitu kuhusu baridi.

Mwili wenyewe una akili ya mwenye duka mjini siku ya maandamano: kelele zikianza, anafunga mabati ya mbele kwanza. Baridi ikizidi, mishipa midogo ya mikononi na miguuni inajibana ili damu yenye joto ibaki kuulinda moyo, mapafu na ubongo. Vidole ndivyo mabati ya mbele. Vimekonda, havina nyama ya kuhifadhi joto, na eneo lake kubwa liko wazi kwa upepo. Ndiyo maana glavu haiwezi kukuletea joto ambalo hukuja nalo. Inahifadhi lile ambalo damu imelifikisha vidoleni. Kifua kikipigwa na upepo, unaweza kuvaa godoro mikononi na bado vikufe ganzi. Wasee wa nduthi waliligundua hili bila makala ya mtu yeyote. Wanavaa jaketi kinyumenyume, zipu mgongoni, kifua kimefungwa kabisa. Watu wa ofisi wanawacheka. Waendeshaji wa Tour de France, wakifika kileleni mwa mlima na kujiandaa kuteremka, walikuwa wakisokomeza magazeti ndani ya fulana zao kifuani, na hao hakuna aliyewacheka. Kwa hivyo glavu ya kwanza ni kifua. Ukishakifunga, tuendelee.

Sasa breki. Misuli mingi inayovuta vidole haiko vidoleni, iko kwenye kigasha, hapo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na kazi yake inafika vidoleni kupitia kano ndefu kama waya wa breki wenyewe. Ngozi ya vidole ikishuka karibu na nyuzi 15, ustadi unaanza kupotea. Hujui umebana kiasi gani. Unabana ukidhani umebana. Na baiskeli nyingi zinazobeba mzigo barabarani humu ni Black Mamba, zile za breki za vyuma, ambazo hata mkono wenye joto lazima uzinyonge ndipo zisikie. Kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa unakula mita 10 kila sekunde. Kidole kilichochelewa nusu sekunde kimekula mita 5. Sasa fika pale chini Ruaka, ambapo matatu haitoi notisi, inasimama tu popote mkono ulipoinuliwa, na kondakta ameshafungua mlango upande wako. Mita 5 ni urefu wa gari dogo na ushee. Nani anapenda kuzitafuta kwa uso wake?

Nimeshaona mtu akishindwa. Mwaka juzi, mbele yangu, jamaa aliyekuwa amebeba kreti za mkate alishuka kilima kile akipiga kelele badala ya kupiga breki. Alijua anachofanya, alikuwa amechagua mtaro badala ya gari. Mikate ilitapakaa, watu wakaiokota (na wengine, nakiri kwa niaba yao, hawakuirudisha). Tulipomwinua alikuwa anatazama mikono yake kana kwamba ameazimwa. Alisema kitu kimoja tu: haikusikia. Hakusema breki haikusikia. Alisema mkono.

Wanaume wenzangu, hapa naomba tuongee. Kuna hii dini ya ugumu. Glavu ni za watu laini, glavu ni za mademu, sisi tumezoea, babu zetu walilinda ng'ombe usiku kwa shuka moja. Sawa, lakini babu hakuwa akishuka Ruaka na kilo 80 za mzigo nyuma ya lori. Kuzoea kupo kwa kiasi fulani, mikono ya watu wanaofanya kazi kwenye baridi hujifunza kupitisha damu vizuri zaidi. Lakini hakuna kuzoea kunakofanya mkono uliolowa upepo wa kilomita 40 ubane vizuri kama mkono mkavu wenye joto.

Upande wa pili wa dini hiyo wako wale wa Jumamosi. Unawajua. Baiskeli ya bei ya ploti, nguo za kubana, wanapanda Tigoni kunywa kahawa katikati ya chai. Sina ugomvi na miguu yao, wanakanyaga kweli. Ugomvi wangu ni jinsi walivyoifanya glavu iwe nembo, hadi mtu wa mkate akiiona anasema hiyo si yetu. Jamaa ana glavu tatu: ya masika, ya kipupwe, ya kati. Anatoka saa mbili asubuhi, jua limechomoza, na anaweza kurudi nyumbani akijisikia. Anayetoka ngware, asiyeweza kurudi, amevaa soksi mikononi. Soksi! Nawaona kila wiki. Soksi ya sufu inasaidia kidogo kwenye upepo, kisha inateleza kwenye mkono wa breki, na tumerudi mtaroni.

Basi twende Gikomba, kwa sababu huko ndiko glavu zetu zinakotoka, na huko ndiko tunakodanganywa. Muuzaji ukimwambia baridi, anakutolea ile nene kuliko zote. Ni glavu ya kuteleza kwenye theluji, imevimba kama mkate wa siagi, na bado ina tiketi ya lifti ya mlima fulani Ulaya ikining'inia kwenye zipu. Hii ndiyo camera, msee, baridi haikupati. Na kweli baridi haikupati haraka. Lakini jaribu kubana breki. Kidole kimoja kimekuwa viwili, viwili haviingii kati ya usukani na mkono wa breki, na pamba iliyo kiganjani inameza nguvu yote unayotuma. Mwenye glavu hiyo alikuwa ameshika fimbo mbili na kukaa kwenye lifti. Wewe una gia, kengele, na mathe anayevuka barabara na ndoo.

Unene ni uongo wa soko. Joto halikai kwenye kitambaa, linakaa kwenye hewa iliyotulia ndani ya kitambaa. Upepo ukipenya, hewa haitulii, na unene wote huo ni kazi bure. Kwa hivyo kipimo changu cha kwanza hapo kibandani ni mdomo. Ibane glavu kwenye midomo, puliza kwa nguvu, weka kiganja upande wa pili. Ukihisi pumzi inapita, upepo wa Limuru utapita pia, rudisha. Glavu nyembamba isiyopitisha pumzi inaishinda nene inayopitisha, kila siku ya Julai.

Kisha ivae na ukunje ngumi. Ikivuta kwenye ncha za vidole, ni ndogo, hata kama inaonekana nadhifu. Glavu inayobana inakaba damu ileile unayoibembeleza ifike, na haiachi nafasi ya hewa. Acha nafasi ndogo kwenye ncha, ya punje ya mahindi hivi. Halafu mwombe muuzaji sarafu ya shilingi tano, iweke mezani, iokote ukiwa umevaa. Ukishindwa kuiokota, utashindwa na gia. Muuzaji atakucheka. Mwache acheke, mimi wa pale ananijua sasa, anasema yule wa kupuliza amekuja.

Angalia mkono wa glavu unafika wapi. Kwenye kifundo damu inapita karibu sana na ngozi, na hapo ndipo upepo unapoingilia kwenda juu kwenye kiwiko. Glavu fupi inayoacha pengo la vidole viwili kati yake na jaketi imekuacha uchi mahali pabaya kuliko zote. Kiganjani tafuta ngozi iliyochakaa kidogo ama mpira wenye chembechembe. Kiganja cha nailoni laini kikilowa kinateleza kama sabuni. Tafuta pia, usicheke, kitambaa laini mgongoni mwa kidole gumba. Wanaotengeneza glavu za baiskeli huweka kitambaa hicho makusudi, cha kupangusia kamasi. Ukishateremka na pua inayovuja mikono yote miwili ikiwa kazini, utajua huyo aliyebuni alikuwa mwendesha baiskeli kweli.

Kuhusu vitambaa nitasema kwa ufupi. Pamba usinunue, ikilowa imekufa. Sufu ikilowa bado inakuhurumia. Ukikuta glavu ya kazi kutoka Ulaya yenye alama ya chembe ya theluji na maandishi EN 511, chini yake kuna tarakimu tatu: ya kwanza ni baridi ya hewa, ya pili ni baridi ya kushika kitu baridi, zote kutoka 0 hadi 4, na ya mwisho ni maji, 0 au 1. Sisi wa manyunyu tunaanza kusoma kutoka mwisho. Ikiandikwa 1 hapo, maji yamezuiwa. Ikiwa X, hawakuipima, kwa hivyo usilipe bei ya kuipima. Hii ni siri inayowauzia vizuri wanaoijua na sioni kwa nini ibaki siri.

Lakini ninachowaambia marafiki ni kuachana na kutafuta glavu moja ya miujiza. Nunua mbili za bei rahisi. Ya ndani nyembamba ya sufu. Ya nje ile ya kazi kutoka hadweya, iliyochovywa kwenye mpira kiganjani, saizi moja juu ili ya ndani iingie bila kubana. Siku ya manyunyu makali, vaa glavu za hospitali chini ya ile ya sufu. Hazipitishi upepo wala maji. Utatoa jasho, ndiyo, na kwa safari ya saa moja hilo halidhuru, mradi ukifika uzivue zote na kuzianika. Zamani watu walivaa mifuko ya nailoni ndani ya glavu kwa kazi hiyohiyo, mpaka ikapigwa marufuku Agosti 2017. Sasa waliobaki wanatumia karatasi za mkate. Nchi iliondoa mifuko, na mimi naiunga mkono, mitaro yetu inajua kwa nini. Ila hakuna aliyefikiria kwamba baadhi ya mifuko ilikuwa glavu.

Kitu kinachonifurahisha kuliko vyote hakivaliwi mkononi kabisa. Ni vile vifuniko vya usukani wasee wa nduthi wamefunga: mfuko wa ngozi bandia, ndani manyoya, unaoficha mkono na breki pamoja. Waendesha baiskeli wa kwenye theluji kali wanatumia kitu hichohicho na kukinunua kwa pesa ndefu. Fundi anayeshona viti vya pikipiki anaweza kukutengenezea cha baiskeli kwa vipande vilivyobaki. Mkono ndani yake unakaa na glavu nyembamba, vidole viko pamoja vikipashana joto, na breki unaihisi kama kawaida. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: mdomo wa mfuko ukilegea, mkono hautoki haraka ukianguka, na mtu hujikinga na lami kwa mikono. Mwambie fundi aweke waya ama mpira mgumu mdomoni ili ubaki wazi. Akibisha, tafuta fundi mwingine.

Sasa suala la nani alipe. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu na jaketi yenye kuakisi mwanga. Kofia ya nini? Ya wakati umeshaanguka. Jaketi? Ili wengine wakuone, wafunge breki zao. Mkono unaofunga breki yako mwenyewe hautajwi. Na ile Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ukiisoma, inamdai mwajiri ampe mavazi ya kujikinga mfanyakazi ambaye kazi yake inamweka kwenye unyevu, na glavu zimetajwa humo kwa jina, pale zinapohitajika. Sheria nzuri kabisa. Shida ni neno mfanyakazi.

Kwa miezi kumi na nne niliibebea chakula kampuni moja ya hapa mjini, kwa baiskeli. Begi la mgongoni lilikuwa lao, nikakatwa pesa ya dhamana. Jaketi yenye rangi zao, nikakatwa pia. Juni ilipofika tukauliza glavu kwenye kikao. Dada aliyekuja na kompyuta alitueleza kwa upole sana kwamba sisi si waajiriwa, sisi ni washirika, na mshirika hujinunulia vifaa vyake. Mmoja wetu akauliza, basi mbona rangi za jaketi hatukuchagua? Kikao kikafungwa. Wiki ileile programu yao ilianza kutoa bonasi kwa oda za saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, kwa sababu baridi inawafanya wateja wabaki kitandani na kuagiza uji. Baridi, kumbe, ilikuwa inajulikana. Ilikuwa imewekwa kwenye hesabu, upande wa mapato.

Najua jibu lililo tayari: glavu za Gikomba ni bei ya chapati na maharagwe mara chache, mtu mzima ajinunulie. Wengi wetu tulijinunulia. Lakini begi nalo lingeweza kununuliwa na mtu mzima, na hawakutuachia tuchague, kwa sababu begi linalinda chakula cha mteja. Jibu lingine ni kwamba ni miezi mitatu tu. Haya, Juni, Julai, Agosti. Mtu akianza kazi hii akiwa na miaka 20 na kuiacha na 40, amepitisha miezi 60 ya baridi juu ya baiskeli. Hiyo ni miaka mitano ya vidole.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umejifunika blanketi, simu mkononi, oda iko njiani na ramani inaonyesha kidoti kinakuja taratibu kutoka Ruaka: sikukatazi kuagiza. Agiza, tunahitaji hiyo pesa. Ila kidoti kikisimama mlangoni na mtu akashindwa kukurudishia chenji kwa sababu vidole havikunjuki, usimwambie hii si baridi, kuna binamu yako Minnesota. Mpe kikombe cha kitu moto akishike. Anywe akitaka. Cha kwanza ni kukishika, polepole, kwa sababu damu ikirudi ghafla vidoleni inauma kuliko baridi yenyewe.

Mimi niliondoka kwa kampuni hiyo, lakini waliobaki wameandika barua, na waliniomba niwasomee kabla ya kuituma. Ukurasa mmoja, Kiswahili safi. Hawakuomba mshahara wala bima. Hayo wameyaweka kwa barua nyingine. Wanaomba jozi moja ya glavu zisizopitisha maji kwa kila mtu kufikia Juni mosi, ama pesa ya vifuniko viwili vya usukani kwa bei ya fundi, na fundi wameshampata, yuko Banana na amekubali kuweka waya mdomoni. Mstari wa mwisho unaomba jibu ndani ya siku saba. Walijibiwa siku ya tano. Kampuni imeipokea barua, inathamini sana maoni ya washirika wake, na italijadili suala hilo kwenye kikao cha Septemba.